Seli Shina za Ukingo wa Konea na Tiba ya Jicho Lililoungua

Chokaa au tindikali inapoingia jichoni, madhara ya kudumu mara nyingi hutokana na kuungua kwa limbasi, yaani ukingo mwembamba unaoizunguka konea. Humo ndimo zilimo seli shina zinazozalisha upya tabaka la nje la konea maishani mwote. Seli hizo zikiangamia, utando unaofunika weupe wa jicho huivamia konea pamoja na mishipa yake ya damu, na uoni hufifia. Kupandikiza konea ya marehemu peke yake hakutoshi, kwa kuwa haiji na chanzo cha seli.

Mwaka 1997, Graziella Pellegrini, Michele De Luca na wenzao nchini Italia waliotesha maabarani seli za limbasi kutoka jicho zima la mgonjwa, wakazipandikiza kwenye jicho lililoungua. Matokeo ya wagonjwa 112, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionesha mafanikio ya kudumu katika asilimia 76.6 ya macho. Lenye uzito zaidi, kwa maoni ya mwandishi, ni kwamba ubora wa seli ulishinda wingi wake: seli shina zenye protini nyingi ya p63 zilipozidi asilimia 3 ya seli zinazounda makoloni, upandikizaji ulifaulu kwa asilimia 78, zisipozidi, asilimia 11 tu.

Maabara ya aina hiyo ni ghali. Mwaka 2012, Virender Sangwan na wenzake huko Hyderabad, India, walieleza njia isiyoihitaji: kipande kidogo cha limbasi hukatwakatwa, kikabandikwa kwa gundi ya fibrini juu ya utando wa amnioni uliotandazwa kwenye konea, na seli zikaota jichoni humo humo. Aliyeteketea limbasi za macho yote mawili, hata hivyo, hana jicho zima la kuchukulia kipande hicho.