Je, Wajua? Kinachokuzuia Usianguke ni Kifundo cha Mguu

Winga akimzunguka beki huku amesimamia mguu mmoja, watazamaji husifu mapaja yake. Akiwa mfupi, husema ufupi ndio unaombeba. Kifundo cha mguu hakitajwi na mtu, nacho ndicho kilichofanya kazi kubwa.

Ndani yake umo mfupa uitwao talasi. Uzito wote wa mwili hupitia hapo, lakini hakuna msuli hata mmoja ulioshikana nao. Hushikiliwa na ligamenti na mifupa jirani tu. Tena ni mpana mbele, mwembamba nyuma. Goti likisogea mbele na kisigino kikabaki chini, ule upana huingia kati ya mifupa miwili ya muundi na kukaza kama kabari. Mguu hutulia. Vidole vikielekea chini, kama mchezaji anapotua baada ya kupiga mpira wa kichwa, kwenye tundu hubaki sehemu nyembamba na kifundo hulegea. Ndiyo maana wengi huteguka wakati wa kutua.

Wataalamu hupima usawa wa mwili hivi: simama kwa mguu mmoja, wa pili uunyooshe ufike mbali uwezavyo, kwanza mbele, kisha nyuma upande wa ndani, kisha nyuma upande wa nje. Mbele panataka kifundo kinachokunjika. Kikikakamaa, nguvu za paja hazikusaidii. Nyuma ndiko paja na nyonga hufanya kazi, maana kiwiliwili kinainama. Urefu nao una lake: mwaka 2003 watafiti Gribble na Hertel walionyesha kuwa wenye miguu mirefu hufika mbali zaidi, hivyo matokeo hugawanywa kwa urefu wa mguu kabla ya kulinganisha watu. Mwaka 2006 Plisky na wenzake walichapisha vipimo vya wanafunzi wa sekondari Marekani wanaocheza mpira wa kikapu. Ambao mguu mmoja ulizidi mwingine kwa zaidi ya sentimita 4 katika kufika mbele, uwezekano wao wa kuumia miguu ulikuwa mara 2.5 ya wenzao.

Kwetu mtoto akiteguka huchuliwa, hufungwa kitambaa, na Jumamosi yumo uwanjani. Maumivu yamekwisha, lakini ligamenti zilizochanika nazo huujulisha ubongo mguu umekaaje, na taarifa bado hazifiki sawasawa. Ni rahisi ateguke tena palepale. Kumchezesha kabla hajaweza kusimamia mguu ule kwa utulivu ni kumwonea. Na shule zinazokata kipindi cha michezo kupisha hesabu zinawanyima watoto mafunzo ya kusimama imara, ambayo hayahitaji hata senti.

Jipime leo: elekea ukuta, gusa kwa goti bila kuinua kisigino, rudisha mguu nyuma kidogo kidogo hadi goti lisifike tena, kisha linganisha umbali wa kulia na wa kushoto. Kifundo chepesi kitakufaa kuchuchumaa, kushuka ngazi, kupanda mnazi, kuvuka mtaro, na uzeeni kutoka bafuni salama.