Mpini wa koki ya bia ulionirudisha darasani: usiuze historia usiyoihakiki

Somo la leo limetoka kwenye kosa langu mwenyewe, na lilinigharimu laki moja na ishirini. Soma mpaka mwisho, hasa kama unauza vitu vya zamani, mapambo, au kitu chochote chenye jina la kampuni juu yake.

Mwaka jana baa moja ya siku nyingi hapa Dodoma ilikuwa inafungwa. Mzee aliyekuwa anasimamia kaunta akanipigia: "Binti, njoo uangalie kama kuna cha kukufaa." Nikakuta boksi lina glasi nne nzito zenye mkono, trei mbili za bati, na kitu kirefu kama rungu dogo, kina kichwa cha tembo na neno Tusker. Boksi zima nikalichukua kwa elfu arobaini. Lile rungu sikujua ni la nini. Mimi bia yenyewe sinywi. Mzee akacheka, "Huo ni mpini wa koki. Ukiuvuta, bia inatoka."

Tuelewane hapa kwanza, maana wengi wetu tumezoea bia ya chupa. Kuna bia inayokaa kwenye pipa. Inapita kwenye mpira mpaka kaunta, inatokea kwenye koki, muuzaji anakinga glasi. Mpini ndio anaoushika kufungua koki. Hiyo ni kazi ya kwanza. Kazi ya pili ndiyo inayotuhusu sisi wauzaji: mpini unatangaza. Koki zote zinafanana, kwa hiyo bila mpini wenye jina mteja hajui ipi inatoa bia gani.

Marekani pombe ilipigwa marufuku kuanzia 1920 mpaka 1933. Iliporudishwa, baa zikatakiwa kuonyesha pale pale kwenye koki jina la bia inayotoka. Mipini mingi ya miaka ile ilikuwa vitufe vya duara tu, jina mbele. Baadaye ikarefuka, ikapata maumbo ya kila aina: samaki, shoka, nanga, unachotaka.

Walioupenda zaidi mtindo huo ni wenye viwanda vidogo vya bia, vile vinavyopika kidogo kidogo kwa ladha zao. Kiwanda kidogo hakina hela ya tangazo la TV. Mpini ndio bango lake, na liko mbele ya macho ya mteja akiwa na hela mkononi. Basi wanatengeneza mipini michache, yenye umbo lao peke yao. Bia ikiachwa kupikwa, au kiwanda kikifungwa, mpini unabaki kuwa kumbukumbu. Hapo ndipo wanapoingia wakusanyaji, watu wanaonunua vitu hivi na kuviweka ukutani.

Mfano mkubwa ni Anchor ya San Francisco, Marekani. Kilianza 1896. Mwaka 1965 kilikuwa kinakaribia kufa, kijana anayeitwa Fritz Maytag akaingiza hela yake, akakifufua, na wengi wanakihesabu kama mwanzo wa viwanda vidogo vya kisasa kule. Julai 2023 kikatangaza kufunga. Watu wakapanga foleni kununua bia za mwisho. Jiulize, mtu aliyekuwa na mpini wa Anchor kabatini siku ile alikuwa na nini mkononi? Plastiki na mbao zile zile za jana, lakini maana yake imebadilika. Kilichobadilika ni historia iliyo nyuma ya kitu. Mkusanyaji analipia historia.

Na kama analipia historia, basi historia ni sehemu ya mzigo. Ukimpa ya uongo, umempa mzigo feki.

Sasa turudi kwa tembo wangu. Usiku ule nikaingia Google, nikaona kampuni ya Tusker ilianza 1922. Nikapiga picha moja juu ya kitambaa chekundu, nikaandika: "MPINI ORIJINO WA TUSKER WA MWAKA 1922, ADIMU SANA, WAHI." Siku ya pili kaka mmoja wa Nairobi akalipa laki na ishirini, nauli ya mzigo juu yake. Nikaufunga vizuri, ukapanda basi. Nilijiona nimeyaweza maisha.

Baada ya siku tano ujumbe ukaingia: "Dada, mpini ni mzuri. Lakini 1922 hapakuwa na bia inayoitwa Tusker."

Nikajitetea, "Kaka, mtandaoni wameandika 1922."

Akajibu, "Hiyo ni siku ya kuzaliwa ya kampuni. Wewe hujaniuzia kampuni, umeniuzia mpini."

Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma, sasa kwa utulivu. Kweli, mwaka 1922 ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries jijini Nairobi. Wakati ule kilikuwa kiwanda kidogo tu, kama hivi vidogo vya leo. Mwaka 1923 George akaenda kuwinda, akauawa na tembo. Jina Tusker likatokana na msiba huo. Kwa Kiingereza tusker ni tembo mwenye pembe kubwa. Kwa hiyo yule tembo kwenye chupa si pambo la utalii. Ni kumbukumbu ya marehemu. Na mwaka 1936, baada ya kuungana na kiwanda cha bia cha Tanganyika, kampuni ikaitwa East African Breweries.

Umeona kilichotokea? Historia ya kweli ilikuwa nzuri kuliko uongo wangu. Ningeiandika hiyo, tangazo lingekuwa na nguvu zaidi. Halafu ndani ya historia hiyo hiyo ndimo ulimokuwa ushahidi wa kunikamata. Jina la Tusker limekuja baada ya kifo cha 1923, kwa hiyo mpini wenye jina hilo hauwezi kuwa wa 1922. Na mpini wangu ulikuwa wa plastiki inayong'aa. Hata mtoto angejua si wa enzi za mababu.

Nikamrudishia hela yote na nauli ya basi ya kwenda na kurudi. Iliuma.

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Kabla ya kupandisha tangazo la kitu cha zamani nachukua daftari, nachora safu tatu.

Safu ya kwanza: ninachokiona. Urefu kwa sentimita. Kimetengenezwa kwa nini. Maandishi yote yaliyopo, hata yale madogo ya chini. Nyufa, rangi iliyobanduka, gundi. Kwa mpini wa koki, geuza uangalie tundu la chini lenye meno ya kufungia kama nati, kisha lipime. Mipini mingi ya Marekani inaingia kwenye skrubu ya inchi 3/8, ya nchi nyingine inaweza kuwa tofauti, na mnunuzi anayetaka kuufunga kwenye koki lazima atauliza.

Safu ya pili: kinachojulikana kuhusu kampuni. Ilianza lini, jina lilibadilika lini, ilifungwa au bado ipo. Hii inakusaidia kuweka mpaka. Kitu kilichoandikwa East African Breweries hakiwezi kuwa cha kabla ya 1936. Kitu chenye anwani ya tovuti ni cha enzi ya intaneti, hata kiwe na kutu kiasi gani. Na kumbuka, mwaka uliochapwa kwenye lebo mara nyingi ni mwaka kampuni ilipoanza. Usiuchukue kama umri wa kitu chenyewe.

Safu ya tatu: ninachokisia. Hapa ndipo tunapoungua. "Nadhani ni wa miaka ya tisini." Sawa, kisia, lakini kibaki kwenye safu yake. Ukikiandika kwenye tangazo, andika kwamba ni makadirio. Kama huna sababu ya makadirio, kiache.

Tangazo langu la pili lilikuwa hivi:

"Mpini wa koki ya bia, Tusker, kichwa cha tembo. Plastiki. Umetumika. Una mkwaruzo nyuma, angalia picha ya nne. Ulitoka kwenye baa ya Dodoma iliyofungwa, nimeuchukua mwenyewe kwa aliyekuwa kaunta. Mwaka wa kutengenezwa hauonekani popote. Jina Tusker linatokana na mwanzilishi George Hurst aliyeuawa na tembo 1923. Tundu la kufungia lipo kwenye picha ya tano, na rula pembeni."

Hakuna neno ADIMU, hakuna WAHI. Ulikaa wiki tatu. Dada mmoja wa Dar anayepamba migahawa akauchukua kwa elfu themanini na tano. Hakuuliza swali hata moja, maana majibu yote alishayaona. Ni pungufu ya ile laki na ishirini, ndiyo. Lakini ile laki na ishirini haikuwahi kuwa yangu.

Mambo mengine madogo ya kuzingatia:

Picha ziwe tano au zaidi: mbele, nyuma, juu, tundu la chini, na kasoro. Kasoro ukiionyesha wewe ni taarifa. Akiiona mteja mwenyewe ni ugomvi.

Kama una wateja wa nje, weka kwenye kichwa cha tangazo maneno wanayoyatafutia wao, "beer tap handle". Hakuna mgeni atakayetafuta "mpini wa koki".

Usichonge mpini mpya ukauwekea jina la kampuni ya watu. Hiyo ni bidhaa bandia, na FCC hawana utani na bidhaa bandia. Na usiuchomoe kwenye baa inayofanya kazi ukauita wa zamani. Huo ni wizi tu. Omba, nunua, na andika umeupata wapi na lini.

Hilo la kuandika ni muhimu kuliko unavyodhani. Leo Afrika Mashariki kuna viwanda vidogo vinavyopika bia zao: Crafty Dee's ipo Dar, Bateleur na 254 Brewing zipo Nairobi, Banange ipo Uganda. Vitu vyao vya leo ndivyo vya zamani vya kesho. Na hata sisi wa Dodoma tuna mvinyo wetu wa zabibu, tuna chupa na lebo za viwanda vyetu ambazo watu wanazitupa. Ukiiweka chupa moja na karatasi yenye tarehe na mahali ulipoipata, miaka ishirini ijayo mtu hatahitaji kukisia kama nilivyokisia mimi.

Yule kaka wa Nairobi hajanunua tena kwangu. Nilimtumia tangazo jipya nione atasemaje. Akajibu neno moja, "Sawa." Namwelewa. Hela nilimrudishia, ila imani ilibaki huko huko Nairobi.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza kupost, lisome tangazo lako kama mtu anayekijua kitu kuliko wewe. Kila sentensi jiulize: hii nimeiona, nimeihakiki, au nimekisia? Ukishindwa kujibu, ifute.

Wewe una kitu gani nyumbani ambacho hujui historia yake? Niandikie hapo chini tukichambue pamoja. Na mtumie mwenzako anayependa kuandika "orijino".