Mashine ya Kufulia: Tazama Chini ya Pipa

Ukisimama kwa nusu saa katika duka la vifaa vya umeme pale Kariakoo, utasikia wanunuzi wa mashine za kufulia wakiuliza maswali yaleyale. Ni ya kilo ngapi? Ina programu ngapi? Mfuniko wake ni wa kioo au plastiki? Hakuna hata swali moja linalogusa mahali panapoamua kama mashine itafua miaka mitatu au ishirini. Mahali hapo ni chini ya pipa, kwenye mota, mkanda, giaboksi, beringi na ile sili ndogo ya mpira inayozuia maji yasivipate vyote hivyo. Nataka tuangalie huko, hasa kwenye mashine za mtindo wa zamani zinazofunguka juu, kwa sababu naamini bado ndizo zinazofaa nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Lakini anayezinunua ajue anachonunua.

Tuanze na kufua kwenyewe. Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Herbert Sinner, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Henkel, alieleza usafishaji kwa mambo manne: kemikali, nguvu ya mwendo, joto na muda. Ukipunguza moja, lazima uongeze jingine ili upate matokeo yaleyale. Anayefua kwa mikono kwa maji baridi anajua hivyo hata kama hajawahi kusikia jina la Sinner: joto halipo, kwa hiyo nguo inalowekwa usiku kucha na kufikichwa kwa nguvu asubuhi. Mashine nayo haikwepi hesabu hiyo. Ile inayojisifu kwa kutumia maji kidogo na mwendo wa taratibu hukurudishia deni kwenye muda, ndiyo maana baadhi ya programu hupita saa mbili.

Mashine ya jadi ya kufunguka juu iliegemea kwenye nguvu ya mwendo. Mwaka 1922 kampuni ya Maytag, mjini Newton katika jimbo la Iowa, Marekani, ilitoa mashine iliyoitwa Gyrafoam, kazi ya fundi wao Howard Snyder. Kabla yake, mashine nyingi ziliburuta nguo ndani ya maji kwa vijiti vilivyoshuka kutoka kwenye mfuniko. Snyder alikiweka kikorogeo chini ya beseni, na mapezi yake yakawa yanasukuma maji yapite katikati ya nguo. Ile nguzo yenye mapezi tunayoiona katikati ya pipa hadi leo imetokana na wazo hilo. Inapokwenda na kurudi, kwenye mashine nyingi zaidi ya mara 60 kwa dakika, nguo za juu huvutwa chini karibu na nguzo na kupanda tena ukutani. Uchafu hung'oka kwa maji kupenya nyuzi na kwa nguo kusuguana zenyewe.

Mota ya umeme hupenda kuzunguka upande mmoja bila kusimama, lakini kikorogeo kinatakiwa kiende na kurudi. Kazi ya kugeuza mwendo huo ilifanywa na giaboksi iliyojaa meno ya chuma yanayoelea kwenye oili. Kwenye mashine nyingi za Kimarekani ufundi ulikuwa mwepesi wa kushangaza: mota ikizunguka upande huu, mashine inafua, ikigeuzwa upande wa pili, inakamua. Haikuhitaji kompyuta wala kihisio cha kupima nguo. Taima ya kuzungusha kwa mkono ilitosha.

Kampuni ya Speed Queen, inayotengeneza mashine zake mjini Ripon, Wisconsin, iliendelea na mtindo huo wakati wengine wanauacha. Mwaka 2018 nayo ikabadili mashine zake za nyumbani: kikorogeo kikawa kinazunguka pamoja na pipa lenyewe. Wateja wake wa siku nyingi walilalamika kwamba nguo hazigeuki ndani ya maji, na baada ya muda mfupi kampuni ilirudisha kikorogeo cha zamani katika modeli iitwayo TC5, yenye waranti ya miaka 5. Kampuni inasema mashine zake hupimwa kwa mizunguko 10,400, yaani nguo za mara nane kwa wiki kwa miaka 25. Hiyo ni kauli ya muuzaji, na muuzaji husifia chake. Hata hivyo, kipimo chenyewe kinafundisha jambo: uhai wa mashine uhesabiwe kwa mafuo. Familia inayofua mara mbili kwa wiki na ile inayofua kila siku hazina mashine ya umri mmoja, hata kama zilinunua siku moja.

Kuna kipande kingine cha ufundi wa Kimarekani ninachokipenda zaidi. Kuanzia miaka ya 1980, Whirlpool ilitengeneza mashine zisizo na mkanda, mota ikiwa imeungwa moja kwa moja na giaboksi. Kati yao iliwekwa kaplingi: vipande viwili vya plastiki na mpira katikati. Ukijaza nguo kupita kiasi, au pipa likikwama, kaplingi hiyo inakatika. Mtu asiyejua ataona ni udhaifu. Kumbe waliipanga hivyo makusudi, kwa sababu plastiki ya bei ndogo ikikatika, mota na giaboksi vinapona, na fundi mwenye bisibisi na spana anaibadilisha bila kuivua mashine yote. Mashine ya kudumu huharibika kama nyingine zote, ila huharibikia mahali rahisi.

Kufua si kazi ngumu kwa mashine. Kazi ngumu ni kukamua. Chukua pipa lenye kipenyo cha sentimita 50 linalozunguka mara 700 kwa dakika. Nguo iliyo ukutani hubanwa kwa nguvu inayofikia mara 137 ya uzito wake. Sasa kilo moja ya nguo mbichi, tuseme taulo lililojikunja, ikirundikana upande mmoja, ekseli huvutwa kama vile imefungiwa mzigo wa kilo 137, na mwelekeo wa mvuto huo unazunguka karibu mara 12 kila sekunde. Nguvu hiyo yote inapita kwenye beringi, kwenye fimbo nne zenye springi zinazolining'iniza pipa, na hatimaye kwenye bati la nje. Novemba 2016 Samsung iliita tena mashine zipatazo milioni 2.8 za kufunguka juu zilizouzwa Marekani, baada ya baadhi kutikisika kupita kiasi wakati wa kukamua hadi kifuniko cha juu kikachomoka. Anayeona mtikiso ni kelele tu na akafunga mlango wa bafu afikirie tukio hilo.

Kwa hiyo ukiwa dukani, fungua mfuniko na ulibonyeze pipa chini kwa viganja viwili, kisha liachie. Linatakiwa lipande, liyumbe kidogo na litulie. Likidundadunda, springi au fimbo zake ni dhaifu. Lizungushe kwa mkono na usikilize: beringi nzima haisemi kitu. Shika ukingo wa pipa la ndani, ulivute kuelekea kwako na ulisukume kuelekea ukutani. Likicheza peke yake bila pipa la nje kwenda nalo, beringi imeanza kuliwa. Kwa mashine ya mtumba vipimo hivi vitatu vina thamani kuliko maneno yote ya anayeuza.

Mashine ya mlango wa mbele ina sifa zake, na sitazificha. Hutumia maji machache, hukamua vizuri zaidi na huzihurumia nguo. Kikorogeo, kwa upande mwingine, huchakaza nguo nyepesi. Dera la hariri au shela ya lesi havina kazi humo. Lakini katika ile ya mbele ekseli imelala, na mzigo wote wa nguo mbichi unaning'inia upande mmoja wa beringi. Pipa lake hushikwa kwa nyuma na mikono ya aloi ya aluminiamu, ambayo ikigusana na chuma kisichoshika kutu ndani ya maji ya sabuni huliwa polepole mpaka ikatike. Mpira wa mlangoni nao huhifadhi unyevu na kuota ukungu, hasa katika hali ya hewa ya pwani. Isitoshe, sabuni zetu nyingi za unga zimetengenezwa kwa ajili ya beseni na mikono, zinatoa povu jingi. Povu hilo katika maji machache humeza nguvu ya kusugua. Katika pipa lililojaa maji halina madhara makubwa.

Maji ndiyo hoja nzito kuliko zote. Mashine ya jadi yenye kikorogeo ilikuwa ikitumia lita 150 hivi kwa fuo moja, yaani ndoo saba na nusu za lita 20. Nyumba inayonunua maji kwa boza ifanye hesabu hiyo kabla ya kutoa pesa. Tena kuna mgandamizo. Vali ya kuingizia maji kwenye mashine nyingi haifanyi kazi sawasawa chini ya kilopaskali 30 mpaka 50, na kila mita moja ya kimo cha tangi hutoa takriban kilopaskali 10. Tangi lako likiwa mita mbili tu juu ya mashine, maji yataingia kwa kusuasua au yasiingie kabisa, nawe utamlaumu fundi bure. Linyanyue tangi mpaka mita nne au tano, au weka pampu.

Wanaotumia maji ya kisima pwani, iwe Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, wana adui wa pili. Madini ya kalsiamu na magnesiamu hushikana na sabuni na kuacha ukoko kwenye nguo na pipa. Hapo magadi kidogo husaidia kulainisha maji. Chumvi iliyomo katika maji hayo nayo hutoboa hata kile chuma kinachoitwa hakishiki kutu, ikianza na vitundu vidogo kwenye maungio. Ukimaliza kufua, toa maji yote, acha mfuniko wazi.

Kisha umeme. Ndugu walioko Marekani hutuma mashine nzuri ndani ya kontena, nazo zinaishia stoo. Kule umeme ni volti 120 na hezi 60. Kwetu ni volti 230 au 240 na hezi 50. Transfoma inarekebisha volti, lakini hezi haizigusi. Mota ya kawaida ya mashine hizo hufuata hezi, kwa hiyo itazunguka kwa asilimia 83 ya mwendo wake, na kwa kuwa nguvu ya kukamua hutegemea mwendo mara mwendo, karibu theluthi ya nguvu hiyo inapotea. Mbaya zaidi, ukiipa volti 120 zilezile kwa hezi chache, chuma cha ndani ya mota hushiba sumaku na mota inapata moto. Ndugu yako akikuuliza akutumie nini, mwambie atume pesa. Mashine za mtumba kutoka Uingereza au Dubai hazina tatizo hilo, kwani umeme wa huko unalingana na wetu.

Umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo huua bodi ya elektroniki. Stebilaiza nzuri husaidia, na ningependa kila mwenye mashine ya vitufe awe nayo. Lakini taima ya kuzungusha haina bodi ya kuungua, na hapa ndipo mashine ya mabeseni mawili, ile wengi wanayoidharau wakiiita ya kizamani, inapostahili heshima. Ina mota mbili, taima mbili, kapasita na mkanda. Maji unamimina hata kwa ndoo, na maji ya sabuni ya nguo nyeupe unaweza kuyatumia tena kwa nguo za rangi. Beseni lake la kukamulia ni dogo, lakini huzunguka mara 1,350 hivi kwa dakika. Kwa kipenyo cha sentimita 24 nguvu yake hufikia mara 240 ya uzito wa nguo, kupita lile pipa kubwa tulilolipigia hesabu. Udhaifu wake unajulikana: sili ya upande wa kukamulia ikichoka, maji huidondokea mota iliyo chini yake. Ukiona tone sakafuni, mwite fundi siku hiyohiyo.

Tangu 1 Machi 2021 Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji wawe na vipuri vya mashine za kufulia kwa angalau miaka 10 baada ya kuacha kuuza modeli husika. Hapa kwetu swali hilo liulize mwenyewe, tena kabla ya kulipa: sili, beringi, mkanda, kapasita na pampu ya modeli hii vinapatikana mtaa gani, kwa bei gani? Waranti inasimamiwa na nani, na karakana yake iko wapi? Halafu mpigie fundi wa mtaani kwako umuulize ni aina gani anaifungua mara kwa mara na ipi huirudisha bila kuigusa.

Kwa nyumba yenye maji ya uhakika na tangi la juu, uamuzi wangu ni mashine ya kufunguka juu yenye pipa la chuma, mota ya nyaya za shaba na programu chache. Kwa nyumba ya maji ya ndoo na umeme wa kubahatisha, nunua ya mabeseni mawili, na pesa inayobaki ununue sili na kapasita za akiba wakati modeli yako bado iko dukani.