Hii "imla" tunayoitaja kila siku ni nini hasa?

Uzi mfupi, wadau. Juzi kwa mjadala wa redio nilisikia "dikteta" hadi nikaacha kuhesabu. Mpigaji simu mmoja akasema huu ni "utawala wa imla", mwenzake akacheka: ati imla si ile ya shuleni?

Ndiyo, ni ile ile. Mwalimu wa Kiswahili anasoma, wewe unaandika. Huulizi, hubadilishi neno, na kosa likipatikana ni lako. Neno lilitoka Kiarabu, kumsomea mtu aandike. Dikteta nalo lilitufikia kupitia Kiingereza kutoka Kilatini, dictare, na maana yake ni hiyo hiyo.

Roma ya kale dikteta alikuwa na cheo halali cha wakati wa dharura, kwa kawaida kisichozidi miezi sita. Shida ni muda ulipokosa mwisho. Mwaka wa 44 KK Julius Kaisari (huyu nadhani naruhusiwa kumtaja) alipewa cheo hicho cha maisha. Kabla Machi haijaisha alikuwa ameuawa.

Dhuluma ni kitu kingine. Ukidhulumiwa, umenyimwa haki yako: shamba, mshahara, kura. Hata jirani asiye na cheo anaweza kukudhulumu. Utawala wa imla nao unaweza kukujengea barabara nzuri kabisa, ila hukuulizwa. Hapo mashabiki wa pande zote huniudhi. Lami si jibu kwa swali la imla, na ushuru mkubwa pekee si ushahidi wake.

Sasa tuje nyumbani. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma katika kazi zake. Niliwahi kukaa kwa kikao cha ada za soko, kaunti sitaji. Karatasi zilikuja zimeshachapishwa, viwango ndani. Mama muuza nyanya akauliza kama anaweza kulipa kwa wiki badala ya kila siku. Akaambiwa maswali ni baadaye. Baadaye ikaja soda, halafu fomu ya mahudhurio. Tukaandika majina, nambari za kitambulisho, sahihi.

Fomu kama hiyo ndiyo hutolewa mkiuliza, kuonyesha kwamba "mlishirikishwa". Kwa hivyo ukiitwa kikao, hebu kabla ya kushika kalamu dai swali lako liandikwe kwa kumbukumbu za kikao, na jibu lake pia. Kisha piga picha ukurasa huo.