Serikali Ilianguka Maharage Yakiwa Bado Majini

Jumapili jioni, tarehe 5 Oktoba 2025, nilichagua maharage, nikayaloweka, kisha nikakaa mbele ya televisheni kusikiliza majina ya mawaziri wapya wa Ufaransa. Kesho yake naingia kazini mchana, kwa hiyo asubuhi nilikwenda jikoni bila haraka. Sijawasha jiko, redio ikasema waziri mkuu, Sébastien Lecornu, amejiuzulu. Baraza lake lilikuwa limeishi kama saa 14. Maharage yenyewe ndiyo kwanza yalikuwa yamevimba.

Nilifika Marseille mwishoni mwa 2015, msimu uleule Kassim Majaliwa alipoteuliwa kuwa waziri mkuu nyumbani Tanzania. Oktoba hiyo ya 2025 Majaliwa alikuwa bado yupo. Huku nimewahesabu kwa vidole: Valls, Cazeneuve, Philippe, Castex, Borne, Attal, Barnier, Bayrou na huyu Lecornu. Tisa, na kidole kimoja nimekiacha wazi, maana huwezi kujua. Mama yangu, aliyeko Tanga, alikwisha acha kuyashika majina. Akipiga simu huuliza afya, huuliza baridi, halafu: "Na huyo wenu wa sasa anaitwa nani?"

Kisa cha vurugu hizi ni usiku wa tarehe 9 Juni 2024. Chama cha Marine Le Pen kilikuwa kimeshinda uchaguzi wa Bunge la Ulaya, na Rais Emmanuel Macron, badala ya kulala na hasira zake kama watu wengine, akatangaza usiku uleule kulivunja Bunge. Wafaransa wakapiga kura Juni na Julai, wakarudisha makundi matatu: mrengo wa kushoto, watu wa rais, na watu wa Le Pen. Bunge lina viti 577, na hakuna kundi lililokaribia 289 vinavyotosha kutawala. Kwetu mafiga matatu ndiyo yanayoshika chungu. Haya ya Paris kila figa linataka kuwa chungu.

Kwa hali hiyo, sheria hupitaje? Hapo ndipo mgeni anapojifunza namba ambayo watoto wa shule huku wanaijua: 49.3. Ni kifungu cha katiba ya 1958 kinachoiruhusu serikali kupitisha muswada bila kura ya wabunge, isipokuwa wabunge wenyewe wawe na ubavu wa kuiangusha serikali. Élisabeth Borne alikitumia mara 23. Michel Barnier alikitumia Desemba 2024 kupitisha bajeti ya hifadhi ya jamii, wabunge wakasema haya basi, wakamwangusha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Georges Pompidou mwaka 1962. Kazini kwetu namba hiyo imekuwa kitenzi. Msimamizi akipanga zamu bila kumuuliza mtu, tunasema ametupiga arobaini na tisa tatu.

Borne alikitumia pia kusogeza umri wa kustaafu kutoka miaka 62 hadi 64, na mpango huo, siku chache kabla hajakitumia, ndio ulionifanya nami nijikute kwenye maandamano, tarehe 7 Machi 2023. Nilikwenda kwa aibu ya kubaki peke yangu kazini. Nilitegemea mabomu ya machozi, nikakuta shughuli. Moshi wa soseji za merguez ulikuwa umeifunika bandari ya zamani, kina mama wanaimba, kuna ngoma, kuna watoto mabegani mwa baba zao. Nilikula soseji mbili. Mwenzangu mmoja, kijana wa miaka 29, alikuwa analia machozi ya kweli kwa ajili ya miaka miwili atakayoipoteza kuanzia mwaka 2056. Nikamfikiria mjomba wangu, fundi cherehani, ambaye ukimuuliza atastaafu lini atakuuliza kustaafu kutoka wapi.

Jioni zikaja hesabu. Ufaransa kila maandamano yana hesabu mbili, ya polisi na ya vyama vya wafanyakazi, na vyombo vya habari husoma zote bila kucheka. Kwa nchi nzima siku ile wizara ya mambo ya ndani ilisema milioni 1.28, vyama vikasema milioni 3.5. Kwetu Marseille polisi waliona watu 30,000, vyama vikaona 245,000. Ni kama wageni wa harusi: mwenye kulipia pilau huwahesabu wachache, mwenye kujisifu huwaona mpaka waliobaki kwao.

Lakini Marseille ina udhuru. Wafaransa wengine wanautania mji huu kwa kisa cha dagaa aliyeziba mlango wa bandari, wakimaanisha kwamba watu wa hapa hukuza mambo. Wenyeji hujibu kwamba kisa ni cha kweli. Mwaka 1780 meli iitwayo Sartine, jina la waziri wa majeshi ya majini, ilizama mlangoni pa bandari ikaziba njia. Sartine ikageuka sardine midomoni mwa watu, na meli ikawa samaki. Tangu nisikie hayo, kila nikiwatazama wachambuzi wa televisheni wakitangaza mwisho wa Ufaransa kabla ya taarifa ya hali ya hewa, najiuliza: leo ni dagaa au ni meli?

Deni la taifa, nadhani, ni meli. Mwanzoni mwa 2025 lilikuwa limepita euro trilioni 3.3, kama asilimia 114 ya pato la taifa la mwaka mzima. Mwaka 2024 serikali ilitumia zaidi ya ilichokusanya kwa asilimia 5.8 ya pato hilo, wakati Umoja wa Ulaya unaruhusu asilimia 3. Mara ya mwisho bajeti ya Ufaransa kulingana ilikuwa 1974, na mimi nilikuwa sijazaliwa.

François Bayrou alijaribu kuisogeza meli hiyo. Julai 2025 alipendekeza kubana karibu euro bilioni 44, na humo akaweka jambo ambalo mtu yeyote aliyeishi huku angemshauri asilitamke: kufuta sikukuu mbili, Jumatatu ya Pasaka na tarehe 8 Mei. Bwana Bayrou hajui nchi yake? Mei ya Ufaransa ni mwezi mtukufu. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, Ijumaa nayo huliwa, na wanaiita kujenga daraja. Tarehe 8 Septemba Bayrou aliomba kura ya imani, wabunge 364 wakamkataa, 194 wakamkubali. Watu wasioamini hata kama Mungu yupo waliitetea Jumatatu ya Pasaka kama maaskofu.

Jirani yangu wa mlango wa pili hakushtuka. Ni bibi wa Kikomori kutoka Ngazidja, ninamwita Koko kama wajukuu zake wanavyomwita. Yeye ananisemesha Kingazidja, mimi namjibu Kiswahili, na yanayotushinda tunayamaliza kwa Kifaransa. Alifagia ofisi za watu miaka 30 na sasa ana pensheni. Serikali kuanguka kwake ni kama mvua ya mji wa jirani. Kilichomkasirisha mwaka huo ni Livret A.

Hiki ni kitabu cha akiba kilichoanza 1818, hakitozwi kodi, na riba yake hupangwa na serikali. Watu zaidi ya milioni 50 wanacho. Mpaka Januari 2025 kilikuwa kinatoa asilimia 3, Agosti ikashuka hadi 1.7. "Wananiibia, mwanangu," Koko aliniambia ngazini, mkono kifuani. Nikamweleza nilichosoma: sehemu kubwa ya akiba hizo huenda kwenye taasisi ya serikali inayowakopesha wajenzi wa nyumba za kodi nafuu, hizi wanazoziita HLM, kama hii tunayoishi. Kwa maneno mengine, Koko anaikopesha nyumba aliyopanga. Alinyamaza kidogo, akaitazama lifti yetu iliyokufa tangu Ramadhani. "Basi niliwapa kidogo."

Nchi hii ndivyo ilivyo. Serikali inakopa, wananchi wanadunduliza, na kila upande unaamini mwingine ndiye mfujaji. Katika kila wafanyakazi kumi, kama mmoja tu ndiye mwanachama wa chama cha wafanyakazi, ila mikataba inayojadiliwa na vyama hivyo inawalinda karibu wote. Kwa hiyo wengi wanavila viazi bila kulima, kisha wanalalamika vimepoa. Mimi nilikuwa nikiwacheka. Wiki iliyopita basi lilichelewa dakika saba, nikajisikia napuliza midomo, pfff, kama Mfaransa wa kuzaliwa, na bibi aliyesimama kando akanitikisia kichwa kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwa kusema bonjour.

Ijumaa, tarehe 10, Macron alimteua waziri mkuu mpya. Jumamosi mama akapiga simu. Afya njema, baridi bado.

"Na huyo wenu wa sasa anaitwa nani?"

"Lecornu."

"Si ndiye aliyeondoka Jumatatu?"

"Ndiye, mama. Amerudi."

"Alisahau nini?"

Sikuwa na jibu. Jumanne Lecornu akasimama bungeni akatangaza kwamba ile sheria ya miaka 64 inasimamishwa mpaka uchaguzi wa rais wa 2027 upite. Nikampigia mama kumwambia: kumbe alisahau pensheni.