Kiwavi Huyu Ana Alama ya Herufi Y

Ndugu wakulima wa Nyarubungo, afya ya nyumba huanzia kwenye chakula. Chakula chetu cha mahindi kimepata adui mgeni. Jina lake ni kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni bara la Amerika. Mwaka 2016 alionekana Afrika ya Magharibi, na mwaka 2017 alikwisha fika Tanzania.

Wengi humchanganya na viwavijeshi tuliowazoea. Wale wa zamani huja kwa makundi makubwa, wakala majani, wakapita. Huyu mgeni haendi. Mahindi yakiota tena, naye yupo.

Mtu atamtambuaje? Ingia shambani asubuhi na mapema. Tazama moyo wa mhindi, yaani pale katikati majani machanga yanapochomoza. Ukiona majani yamechanika, na mavi kama unga wa mbao, yafungue polepole. Kiwavi yumo. Mara nyingi ni mmoja tu, maana wakubwa hulana wenyewe kwa wenyewe!

Mtazame kichwani. Pana mstari mweupe kama herufi Y iliyopinduliwa juu chini. Wewe uliyejifunza kusoma huwezi kuikosa. Kisha tazama nyuma. Pingili ya pili kutoka mwisho ina madoa manne meusi, yamekaa kama miguu ya kitanda. Alama zote mbili zikiwapo, ndiye. Funza wa mabua hana alama hizi. Kiwavi mchanga sana naye bado hazionyeshi vizuri.

Mama yake ni nondo wa kijivu arukaye usiku. Hutaga mayai mengi pamoja juu ya jani, pengine mia au zaidi, akayafunika kwa manyoya kama pamba chafu. Kukiwa na joto huanguliwa kwa siku 2 au 3. Yaponde kwa vidole kabla ya hapo. Kazi hii haina gharama. Kiwavi akisha kuwa mkubwa hujificha ndani, mavi yake yakaziba mlango, na dawa haimfikii.

Ukinunua dawa, muulize kwanza bwana shamba. Iache katika chombo chake. Ukiitia katika chupa ya soda, mtoto atainywa. Mtu akiinywa, usimtapishe. Mkimbize zahanati, na chombo cha dawa ukichukue, mganga asome jina lake.