Michembe Nyeupe, Kiazi cha Njano

Tangu Juni 2025 msafiri wa Mwanza kwenda Sengerema hangoji tena kivuko. Daraja la kilometa 3 linamvusha kutoka Kigongo hadi Busisi kwa dakika chache. Jikoni, ng'ambo zote mbili, mambo ni yale yale: ugali, dagaa, mlenda na viazi vitamu. Viazi hivyo Wasukuma wa huko huvikata vipande na kuvianika vibichi wakapata michembe, au huvichemsha kwanza ndipo wavianike, yakawa matobolwa. Ndiyo akiba ya kiangazi.

Akiba hiyo ina pengo. Kiazi cheupe kimejaa wanga, lakini beta-karotini, ile rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ni kama hakina. Vitamini A hutumika kutengeneza rodopsini, kemikali ya ndani ya jicho inayonasa mwanga hafifu. Ikipungua, mtoto huanza kupapasa giza likiingia. Kinga nayo hulegea, na surua ikibisha hodi humwelemea.

Viazi lishe, vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vilizalishwa kuziba pengo hilo. Watafiti wa Ukiriguru, wilayani Misungwi, wamevishughulikia kwa miaka mingi. Kabode, aina mojawapo inayolimwa nchini, ilitoka Uganda, kwenye kazi ya Robert Mwanga, mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Watoto huvipenda viazi lishe. Watu wazima, waliozoea kiazi kikavu chenye unga mdomoni, wengi hulalamika kuwa vina majimaji, na hawakosei: aina nyingi za mwanzo zilikuwa hivyo.

Tatizo kubwa zaidi ni jua. Mwanga na hewa huivunja beta-karotini, kwa hiyo michembe ya viazi lishe iliyoanikwa juani na kukaa ghalani miezi kadhaa hubaki na sehemu ndogo tu ya ilichovunwa nacho. Kuanika kivulini husaidia kiasi. Kula kiazi kilichotoka shambani karibuni, kimechemshwa, husaidia zaidi. Na kwa kuwa beta-karotini huyeyuka kwenye mafuta, ile desturi ya kutafuna michembe kwa karanga ina akili kuliko inavyosifiwa.

Vitamini A haitoki kwenye viazi tu: dagaa, kwa kuwa huliwa mzima na kichwa chake, huleta vitamini A iliyo tayari, kalsiamu, zinki na madini ya chuma. Chuma cha mboga kama mgagani na kunde hufyonzwa kwa shida, ila ndimu au nyanya hukisaidia. Chai ya rangi inayonywewa papo hapo baada ya chakula hufanya kinyume: kemikali zake ziitwazo polifenoli hukishika chuma hicho tumboni kabla damu haijakipata.